Kila Kitu na Mwenzake

Jembe lililolala na matope liliamka limeoshwa. Ndivyo ilivyoanza, jamani, wala kuku hakushtuka.

Mwenye jembe alikuwa mama mmoja mshonaji, na banda la nyuma ya nyumba yake lilikuwa aibu tupu. Majembe bila mipini, mipini bila majembe, ndoo zilizotoboka, mpira wa kumwagilia bustani umejiviringa kama chatu aliyeshiba, na ndani kabisa, kwenye msumari, gunia la nguo za mtoto wake marehemu. Mama yule alijaaliwa mapacha wa kike. Mmoja homa ikamchukua angali mdogo, akabaki huyu waliyemwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Sasa mama alitaka banda lipangwe, aweke cherehani yake humo. Alianza, akachoka, akaacha vitu vimetapakaa.

Alfajiri akasikia chakarachakara bandani. Akatabasamu. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na akirudi safari hufikia bandani kwanza kuvua buti zenye grisi, asije akagombezwa kwa kuchafua sakafu. Basi mama akapaza sauti dirishani jikoni, hata hakuchungulia.

"Baba Chiriku! Leo jua limetokea wapi? Panga basi, mume wangu, mpaka kila kitu kikae na mwenzake. Usiache hata kimoja!"

"Haya," ikajibu sauti, nzito, kama ya mtu mwenye udongo mdomoni.

"Na mafua umeniletea!" mama akacheka.

Adhuhuri mume akaingia kwa mlango wa mbele, begi begani.

"Ulikwenda wapi tena?"

"Tena? Ndiyo kwanza nafika! Maji ya kunywa hamna, maswali tu?"

Wakatazamana. Wakaenda bandani wakinyata nyumbani kwao wenyewe. Majembe yamekaa na majembe, ndoo zimeingia ndani ya ndoo, misumari imelazwa kwa urefu wake. Na harufu ya udongo uliolowa, ilhali kiangazi kilikuwa kimepasua ardhi.

"Mwizi huiba," mume akanong'ona. "Hapangi."

"Nyamaza, anatusikia."

Kisha vitu vya nyumbani vikaanza kuhama. Kikombe kilichobaki peke yake kilikutwa bandani, kimewekwa juu ya vigae vya mwenzake aliyevunjika, vigae ambavyo mama alivitupa jalalani kwa mkono wake. Hereni ikakutwa imelala na ile iliyopotea tangu harusi. Halafu gauni la Chiriku likatoweka kwenye kamba, na mama alipolifuata bandani alilikuta limekunjwa vizuri, limelazwa kifua kwa kifua na kigauni cha marehemu.

Siku hiyo Chiriku alinyamaza. Alikaa kizingitini, uso kuelekea bandani, akasema neno moja tu.

"Mama, ananifutia vumbi rafuni."

Wakaenda kumwita mganga, bibi mkavu asiyependa porojo. Alinusa mlango wa banda, akarudi nyuma.

"Nani alimpa kazi?"

"Mimi, bibi. Nilidhani mume wangu."

"Alikuwa mpita njia, ukamwajiri. Na jini hajui kupumzika. Mdomo huponza kichwa, mwanangu. Ubani wangu hapa ni moshi tu. Amri ilitoka kwako, ingia ukamwachishe kazi wewe."

"Peke yangu?"

"Mlikuwa wangapi ulipomtuma?"

Mama akaingia. Jua lilikuwa linazama, mlango ukajifunga nyuma yake taratibu, kama unavyofungwa na mtu mwenye adabu, na katika mwanga mwembamba uliopenya kwenye mbao akaona kwamba gunia limefunguliwa, na nguo za marehemu zimetandikwa rafuni kwa umbo la mtoto aliyelala, kofia juu, viatu chini, na kando yake nafasi tupu iliyofutwa ikang'aa, nafasi ya urefu wa Chiriku hasa, wala haikuzidi wala haikupungua.

"Kazi imekwisha," akasema. "Nimekuachisha."

"Bado mmoja," ikasema sauti, karibu mno na shingo yake.

Na nje akasikia nyayo za mtoto zikija, peku, bila haraka, na mumewe akilia "Chiriku, rudi, rudi mwanangu!" akivuta mkono ambao hauvutiki, na nyayo zikija vilevile, mpaka zikasimama mlangoni na komeo likaanza kuinuka lenyewe, ndipo uchungu wa uzazi ukamrudia mama tumboni akapiga ukelele.

"Unakosea! Mwenzake si huyo! Mwenzake ni mimi! Nimembeba, nimemnyonyesha, nalala naye, naamka naye. Mweke nami!"

Komeo likashuka.

"Haya."

Harufu ikakatika. Nje Chiriku alikuwa anauliza kwa nini baba analia, na mbona hajala, na nani kamvua viatu. Baba akamwinua juu, anacheka, analia. Mganga hakucheka.

"Ulimwambia nini?"

Mama akamweleza. Bibi akafunga ubani wake.

"Basi jitunze, mwanangu. Jitunze sana."

Miaka imepita. Mama yule sasa ni mzee, na majirani humtania anavyopenda uhai: dawa chungu anakunywa mpaka tone la mwisho, baridi ikipuliza hatoki. Chiriku ameolewa hapo jirani, nyumba ya pili, afya tele, maneno kama mvua.

Juzi mama alikuwa anashona, kikohozi kikambana. Hata kabla hajapata pumzi, akamsikia Chiriku, kule kwa mumewe, naye anakohoa.