Onyo Alilolifuta Estelle

Kila siku akitoka shuleni, Estelle aliifuata barabara ya Ggaba kwa miguu mpaka Kansanga, akapinda kwenye kichochoro cha wauza chapati, akaingia katika duka la mama yake la kushona nguo. Kwanza alikunywa maji. Kisha aliivua foronya iliyofunika kompyuta, maana vumbi la pale halina adabu, huingia hata ndani ya sukari iliyofunikwa. Akabonyeza kitufe, akaingoja mashine ile kuukuu ikohoe, ivume, iamke.

Mama yake, Marie-Louise, hakuinua macho kwenye cherehani. Alikuwa mshonaji tangu walipokuwa Bukavu, na mikono yake ilipokuwa na kazi, mdomo wake ulitaka vitendawili.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nina miguu miwili. Nikishapita mahali, njia haiungani tena."

"Mkasi, Mama. Hicho ni cha watoto wadogo."

"Ni cha watoto wadogo, lakini mshonaji hukikumbuka kila asubuhi. Haya, nisomee vipimo vya mteja anayefuata."

Estelle alikuwa na miaka kumi na mitatu, na programu aliyoifungua alikuwa ameitengeneza yeye mwenyewe. Aliyemfundisha ni Mwalimu Kidega wa klabu ya kompyuta shuleni. Ukiifungua, lilitokea dirisha lenye nafasi ya jina, na chini yake nafasi za kifua, kiuno, nyonga na urefu. Ukimaliza kujaza, unabonyeza neno Hifadhi, basi. Zamani Mama alivibana vipimo kwa pini kwenye vitambaa, upepo ukipita karatasi zinatawanyika, na jioni nzima inaliwa na kuzitafuta chini ya meza.

Wiki ile duka lilikuwa na kazi kubwa. Akina mama wa kwaya, wengi wao wake za askari polisi kutoka kaskazini, walitaka kuvaa sare siku ya Jumapili, siku ya kumpokea askofu. Walichagua kitenge chenye njiwa weupe, wakakinunua chote, na muuzaji akawaambia hakuna kingine. Siku ya kupimwa walikuja wote kwa pamoja, wanacheka, wanasukumana. Mama alipima, Estelle akaandika.

"Jina lako kamili, la kwenye cheti cha ubatizo," Estelle aliwaambia kila mmoja. Pale dukani watu waliitwa Mama Fulani na Mama Fulani, naye aliona kwamba majina ya namna hiyo hayafai kwenye kompyuta.

Sasa magauni yalikuwa yakikatwa moja baada ya jingine. Mama alikuwa amemaliza lile la Mama Lamwaka, muuza kabichi wa soko la Kalerwe, na mwenyewe ndiye aliyekuwa akiingia mlangoni kulijaribu, mfupi, mnene, mchangamfu, amelowa jasho la safari ya bodaboda.

Aliingia nyuma ya pazia. Wakasikia anahema. Kisha pazia likafunguka.

Gauni lilikuwa limekwama kifuani, na pindo lake lilikuwa linafagia sakafu.

"Mama Estelle," Mama Lamwaka alisema taratibu, "hili umenishonea mimi, au umeishonea nguzo ya umeme?"

"Yesu wangu," Mama alisema, akaichukua tepu. "Simama hapo, Mama Lamwaka, nikupime upya."

"Mlishanipima. Boda ananingoja nje, na kabichi zangu nimemwachia jirani ambaye hupunguza bei kwa kila anayemchekea." Alilivua gauni, akaliweka mezani kwa upole uliouma kuliko kelele. "Jumapili wenzangu watasimama wamependeza. Mimi nitasimama wapi, nyuma ya kinanda? Kama mmeshindwa, niambieni mapema."

Akaondoka. Mama alilinyanyua gauni, akaligeuza huku na huku.

"Kosa ni langu," alisema. "Macho yangu yamechoka, nimesoma tepu vibaya." Akakivuta kitenge kilichobaki, akachukua mkasi. "Tuendelee. Anayefuata ni nani?"

Estelle aliondoa mkono kwenye kibodi. Alijua jambo ambalo mama yake hakulijua.

Mwanzoni programu yake ilikuwa na onyo. Ukiandika vipimo vipya kwa jina lililokwisha kuwemo, lilitokea dirisha dogo na kuuliza: Jina hili lipo tayari, nifute vipimo vya zamani? Mwalimu Kidega ndiye aliyemwambia aliweke. Lakini siku ya kuonyesha kazi zao klabuni, dirisha lile lilijitokeza mara kwa mara, na Moreen, anayekaa naye dawati moja, akacheka mbele ya wote: "Programu ya Estelle ina mdomo kama shangazi yangu." Jioni ile Estelle alilifuta onyo. Programu ikawa laini, haisemi lolote, inakubali kila unachoipa. Akaona imependeza.

Hakuwa na hakika kwamba hilo ndilo lililoharibu gauni. Ila mkasi ulikuwa umeshafunguka juu ya njiwa weupe.

"Mama, usikate."

Mama alimtazama.

"Huenda kosa si lako. Huenda ni langu." Akamweleza yote, la onyo, la Moreen, la kicheko, macho yake yakiwa kwenye vidole vya miguu.

Mama aliufunga mkasi. Akautundika kwenye msumari wake.

"Hiki kitambaa kikiharibika, hakuna pa kukipata kingine," alisema. "Sikati hata uzi mpaka ujue ni nini. Kesho jioni uniambie. Usinibahatishie, Estelle. Ujue."

Kesho yake, saa ya klabu, Estelle alimwomba Mwalimu Kidega aikague programu. Mwalimu alikaa kando yake, mikono kifuani.

"Mwalimu, kibodi hii hapa."

"Naiona. Ni yako. Wewe unafikiri tatizo liko wapi?"

"Labda inajumlisha vibaya. Au inachanganya kifua na urefu. Nitabadilisha kila kitu."

"Ukibadilisha kila kitu, hata ikipona hutajua ilikuwa inaumwa nini. Usiguse kitu kwanza. Ifanye ikosee tena, mbele ya macho yako. Ukishaweza kuifanya ikosee unapotaka, umeishika mkia."

Jioni, dukani, Estelle alianza. Alilipima sanamu la kuvalishia nguo, akaandika vipimo vyake, akahifadhi. Akapima kiti. Akapima chupa ya maji. Akafungua kimoja kimoja: vyote sawa, hakuna kilichochanganyika. Alisahau maneno ya mwalimu, akabadilisha mstari huu wa maagizo, na huu, na ule wa chini, na alipoiwasha programu haikufunguka kabisa. Dirisha tupu, jeupe kama sahani.

Mama alimwona anauma kucha. "Unataka kupumzika?"

"Hapana."

Aliirudisha nakala ya jana, aliyokuwa ameihifadhi kando kama alivyofundishwa, akaanza upya. Umeme ukakatika. Akangoja gizani. Umeme ukarudi, naye akarudi.

Akajiuliza: wanakwaya wana nini ambacho kiti, chupa na sanamu havina? Aliwaza wale akina mama walivyosukumana, walivyotaja majina yao mmoja baada ya mwingine. Wengi wametoka upande mmoja wa nchi. Majina yao yanafanana. Na kiti na chupa havifanani hata kidogo.

Akaandika Kiti, akaweka vipimo vya kile kiti kirefu cha Mama. Akahifadhi. Akaandika tena Kiti, akaweka vya kigoda. Akahifadhi. Programu haikusema neno. Alipofungua, kilikuwepo kiti kimoja tu, kifupi. Kirefu kilikuwa kimetoweka kama hakijawahi kupimwa.

Akarudia. Kikatoweka tena. Estelle alicheka peke yake.

"Kitendawili, Mama."

Cherehani ilinyamaza. "Tega."

"Kitanda kimoja, wageni wawili. Akilala wa pili, wa kwanza haonekani tena."

Mama alifikiri. Akasema kaburi, akaambiwa siyo. Akasema yai, wakacheka wote. "Haya, nakupa mji."

"Mji gani?"

"Nakupa Bukavu yote, na ziwa lake."

"Nimekwenda Bukavu, nimekula dagaa wa ziwani, sambaza wa kukaanga, nimerudi. Jibu ni programu yangu. Inampa kila mtu kitanda kwa jina lake. Wakija wawili wenye jina moja, wa pili anamfuta wa kwanza. Ndiyo maana onyo lilikuwa linauliza."

Wakawahesabu waliopimwa, Mama akiwataja kwa vidole: Mama Abalo, Mama Okwir, Mama Akeyo. Wanawake walikuwa kumi na wawili. Kwenye kompyuta walikuwa kumi na mmoja.

"Gauni lile ulilishona kwa jina gani, Mama?"

"Ulinisomea Atim Florence. Nikajua ni Mama Lamwaka, maana nimewahi kuliona jina lake kanisani." Mama alisimama, akalinyanyua tena gauni lililokataliwa, safari hii akalitazama kwa jicho la mshonaji. Mabega membamba. Mgongo mrefu. "Lakini mwili huu naufahamu. Huyu ni Mama Ocira."

Akampigia simu palepale, akaipaza sauti ya simu ili Estelle asikie.

"Mama Ocira, habari za jioni. Jina lako la ubatizo ni nani?"

"Florence," sauti ilijibu. "Atim Florence. Kwani kuna nini, nimeshtakiwa?"

Mama alicheka mpaka akakaa. Gauni halikuwa limeharibika, lilikuwa tu limepewa mtu mwingine. Na kitenge kilichobaki kiliwatosha waliobaki, kwa kuwa hakikuguswa.

Estelle hakucheka sana. Alilirudisha onyo mahali pake, lakini sasa alijua kwamba onyo pekee halitoshi, maana akina Florence bado ni wawili. "Mama, wewe mbona huwachanganyi?"

"Niwachanganye vipi? Huyu ni Mama Ocira, yule ni Mama Lamwaka."

Basi Estelle akaongeza nafasi ya jina ambalo mteja huitwa na watu, na akaifanya programu impe kila mteja namba yake, ambayo hapewi mwingine. Akajaribu kwa viti viwili, kisha vitatu. Vyote vilikaa.

"Umeiponya," Mama alisema.

"Ndiyo. Lakini vipimo vya Mama Lamwaka vilifutika. Haviwezi kurudi."

"Haviwezi. Kwa hiyo?"

Estelle aliitazama tepu iliyoning'inia shingoni mwa mama yake. "Nitakwenda mimi."

Kesho yake baada ya masomo alipanda matatu mpaka Kalerwe. Soko lilikuwa limejaa hadi barabarani, nyanya kwa marundo, wasukuma mikokoteni wanapiga kelele za kuomba njia. Mama Lamwaka alikuwa katikati ya kabichi zake kama malkia.

"Eh, binti wa nguzo ya umeme," alisema. "Umeniletea nini?"

Estelle alikuwa amepanga maneno mazuri njiani, yote yakamtoroka. "Nimekuja kuomba radhi. Mama hakukosea. Programu ni yangu. Ilikuwa inaonya, mimi nikaifuta sauti ili nisichekwe, ikakupoteza. Nimeirekebisha. Naomba nikupime tena."

Muuza nyanya wa jirani aliacha kupanga nyanya ili asikie vizuri. Mama Lamwaka alimkazia macho Estelle.

"Umetoka Kansanga mpaka hapa kuniambia hivyo?"

"Ndiyo, Mama."

"Mimi ningesingizia panya," alisema muuza nyanya.

"Ndiyo maana wewe hatukuingizi kwenye kwaya." Mama Lamwaka alijifuta mikono, akainua mabega, akajinyoosha. "Pima, mwanangu. Na usinipunguze, mimi ni huyu huyu."

Jumamosi alasiri alilivaa gauni jipya. Kifua kilikaa, pindo lilikaa. Akainua mikono juu, akaimba ubeti mmoja pale dukani ili aone kama mshono utamruhusu kuvuta pumzi. Ulimruhusu. Aliondoka amelivaa, akikataa kulivua.

Mama aliyaokota mabaki ya kitenge sakafuni. Kisha akaketi karibu na Estelle.

"Sikiliza. Kutokujua kwamba watu wawili wanaweza kuwa na jina moja si dhambi, hata mimi sikujua jina la Mama Ocira. Kila anayetengeneza kitu hukosea. Ulipoharibu ni pale uliponyamazisha kilichokuwa kinakuambia ukweli, kwa sababu ya kicheko cha mtu. Na ulipotengeneza si kwenye kompyuta. Ulianza kutengeneza uliponiambia nisikate."

"Niliogopa, Mama."

"Najua. Ulisema huku unaogopa. Hivyo ndivyo ninavyotaka ufanye kila mara."

Kisha Mama akakivuta kiti chake mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza, vidole viwili vimenyooka kama midomo ya kuku wanaotaka kudona.

"Sasa nionyeshe ninaandika wapi," alisema. "Na likitokea onyo, usilifunge haraka. Nataka kulisoma mwenyewe."