Maji ya Kilomita ya Kumi na Tano

"Usikimbie leo. Hiyo 1:26 yako itakufikisha mochwari."

Ujumbe uliingia kwa namba ngeni, alfajiri, nikiwa nafunga kamba za viatu pale tunapoanzia mbio, Bariadi mjini. Ulikuwa wa nne wiki hiyo. Mayala, mchumba wangu, akausoma juu ya bega langu, akasonya.

"Violeth huyo. Anaogopa utamshinda."

"Violeth? Yule hata fisi akikutana naye, fisi ndiye anayekimbia."

"Kwandu, acha utani. Jitoe. Jioni wazee wangu wanaleta ng'ombe kwenu. Unataka wakukute unachechemea?"

"Ng'ombe wenyewe wanaswagwa kutoka Migato. Watafika wanachechemea, tutafanana."

Nilicheka peke yangu, halafu nikausoma ujumbe tena.

1:26.

Alhamisi nilikuwa nimekimbia kilomita zote ishirini na moja kwenye barabara ya Dutwa, Mayala akinifuata kwa baiskeli, saa mkononi mwake. Saa moja na dakika ishirini na sita. Tukakubaliana watu wote tuwaambie 1:31, wapinzani walale usingizi. Hata mama nilimwambia 1:31. Ile ishirini na sita tuliijua wawili tu.

Nikamtazama. Alikuwa anajaza upepo kwenye tairi. Shingo imeloa jasho, na jua lilikuwa halijatoka.

Mimi nimeshaachwa mara mbili na kung'atwa na mbwa mara tatu. Sipigi kelele kabla sijaona meno yapo wapi. Nikaenda kwenye mstari.

Kocha kutoka Arusha alikuwa ameniambia waziwazi: "Chini ya 1:25, kesho unapanda basi na mimi kwenda kambini. Ikizidi, tuonane mwakani."

Tukaachiwa.

Njia nzima niliisikia baiskeli nyuma yangu. Cheni yake ilikuwa inakwaruza, kra, kra. Tukageuza kuelekea Bariadi, jua likawa kali, cheni bado inakwaruza. Kilomita ya kumi na tano akanifikia ubavuni.

"Mke wangu, maji."

Maji ya chupa yalikuwa na ukungu kwa chini.

"Onja kwanza," nikamwambia.

"Nini?"

"Onja, mpenzi. Midomo imekukauka."

"Mimi sina kiu."

"Umepiga pedeli umbali wote huu, huna kiu?"

"Kwandu, kunywa!"

Sauti ilikuwa imebadilika. Haikuwa ya mtu anayebembeleza, ilikuwa ya mtu anayeswaga ndama.

"Onja, Mayala."

Breki zikalia. Sikugeuka. Nyuma yangu kukawa kimya.

Kilomita ya kumi na saba ulimi ulikuwa mkavu kama gunzi, barabara inacheza machoni. Mbele nikamfikia Violeth. Akaniangalia.

"We Kwandu, mbona unayumba? Baiskeli yako iko wapi?"

"Pancha."

Akapiga mafunda mawili kwenye chupa yake, akaninyooshea.

"Shika. Nikikushinda ukiwa nusu mfu, mjini hapa watanisema."

"Wewe ndiye unayenitumia meseji?"

"Meseji gani? Mimi hata vocha sina, dada. Kunywa ukimbie!"

Nikanywa, nikakimbia. Violeth alinitangulia kumaliza kwa hatua kama kumi hivi. Nilipovuka mstari, saa ilisoma 1:24:47. Sijawahi kukimbia hivyo maishani mwangu. Kocha akaninyooshea dole gumba kutoka mbali, nami nikapiga magoti kwenye vumbi.

Mayala akaja anakokota baiskeli. Chupa ilikuwa tupu.

"Umeyamwaga?"

"Mtaroni." Hakuinua macho. "Haikuwa sumu, Kwandu. Mganga aliniapia. Ni dawa ya kulegeza miguu tu, siku mbili tatu."

"Na meseji?"

"Niliogopa. Ukienda Arusha hutarudi. Nakupenda."

"Miezi minane, Mayala, nimekunywa maji ya mkono wako kila asubuhi. Sijawahi hata kuyanusa."

Akaanza kulia. Mkono wangu ukaenda wenyewe kumfuta machozi. Ukafika katikati, nikaurudisha, nikachukua simu.

"Baba, mwangaluka," nikamwamkia Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wanawane, mwanangu! Umeshinda?"

"Nimekuwa wa pili. Baba, wageni wa jioni wakifika, walishe washibe. Ila ng'ombe wao wasiingie."

Nikasikia mama anauliza kitu huko nyuma.

"Amekufanya nini?"

"Nitakwambia nikija kuchukua begi."

"Begi la wapi?"

Mayala alikuwa ananitazama.

"Arusha, baba."

Baba akavuta pumzi ndefu.

"Haya. Ngoja nikafunge zizi."