Maji ya Wali

Nyumbani Likoni, Ruwaida hakumwaga maji ya moto hata siku moja bila kusema bismillahi na kungoja kidogo, wale wasioonekana wapate kupisha. Lakini siku ile alikuwa ndani ya yoti, mashua ya tanga ambayo mumewe, Mahfudh, aliinunua kwa mzungu aliyefungasha kurudi kwao kabla ya uhuru. Mwezi wa tisa, upepo wa kusi umepoa, wakatoka nayo kutembea kufuata pwani mpaka kisiwa cha Funzi pamoja na binti yao Khairiya, miaka sita.

Yoti ikayumba. Ruwaida akaogopa kupanda juu na sufuria, akainua ubao wa sakafu na kumwaga maji ya moto ya wali chini, bila bismillahi. Nani anaishi ndani ya boti?

Chini ya ubao, mtoto akalia.

"Mahfudh! Wasikia?"

"Ni mbao hizo, mke wangu. Zina njaa kama mie. Lete wali!"

Lakini kilio kikazidi, na harufu ya ngozi iliyoungua ikapanda ikajaa chumba kile kidogo, hata Khairiya aliyekuwa amelala akainuka akakaa kitako, akamkazia mamake macho bila kupepesa, na hapo kilio kikakatika, kisha kule chini ikaanza sauti nyingine, sauti aliyoizaa Ruwaida mwenyewe: "Mama! Niko huku, mama!"

Mahfudh akang'oa mbao zote. Maji machafu tu, na punje za wali.

Waliporudi Likoni wakamwita Bi Kahaso, mganga. Alifukiza udi, akanong'onezana na mtoto muda mrefu, kisha akawatoa wazazi nje barazani.

"Ulimchoma mwana wa watu wasioonekana, bibi. Huyo mliye naye ndiye aliyechomwa. Wenu wamemchukua wao."

"Mtoe!" Ruwaida alinong'ona. "Wallahi, mtoe!"

"Nikimtoa, wenu hawamrudishi. Utabaki mwili mtupu, na kesho mtauzika."

Mahfudh akashika ukuta. "Ruwaida, sema wewe. Mie siwezi."

Ndani, mtoto akaita, "Mama, nina njaa."

Ruwaida akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Mwache," akasema.

Akaingia, akaupepea uji mpaka ukapoa kabisa, akampakata na kumlisha kijiko kwa kijiko. Uzito wake mapajani ulikuwa ule ule wa Khairiya.