Ringi ya Mpira

Hedley Pardy alikuwa fundi wa matairi mgodini, kaskazini mwa jimbo la Alberta, Kanada. Kwao kulikuwa mbali, kisiwani Newfoundland. Alikuwa akifanya kazi siku ishirini na moja mfululizo, kisha anapanda ndege kwenda kukaa nyumbani siku saba. Siku hizo saba hazikumtosha kamwe.

Kila mapumziko ya chai alimpigia simu ya video mkewe, Marina. Siku moja Marina alimwonyesha mtoto wao, Tilly, amesimama kwa kushika kiti.

"Umemwona, baba Tilly? Kasimama mwenyewe!"

"Kasimama, na mimi sipo."

"Bado siku sita tu, mpenzi. Nitakupikia samaki wa chumvi na viazi."

Simu ilipokatika, Hedley aliitia mfukoni. Alitamani hata ule ukungu wa kwao aliokuwa akiulalamikia kila asubuhi.

Alirudi kazini. Yeye na mwenzake, Lorne, walikuwa wakifungua nati za gurudumu la lori kubwa kama nyumba. Walitumia mashine ya hewa. Mbele ya mashine huvikwa soketi, yaani chuma kinachoshika nati. Pini hupitishwa katikati ili soketi isichomoke. Halafu ringi ya mpira huvishwa juu ya pini ili nayo isitoke.

Ringi yao ikakatika. Stoo ilikuwa upande wa pili wa karakana. Hedley akaokota kipande cha waya, akakifunga mahali pa ringi.

"We Hedley, huo waya utashika kweli?"

"Zimebaki nati nne, bwana. Mpaka niende stoo na kurudi, si mwaka utaisha?"

"Haya, mzee wa haraka."

Kwenye nati ya pili waya ulikatika. Pini ilifyatuka, ikapita karibu na sikio la Lorne. Soketi ikachomoka, ikamwangukia mguuni. Kiatu chenye chuma ndicho kilichomwokoa. Lorne alikaa chini, uso umempauka.

"Leo mama yangu angepigiwa simu," alisema kwa sauti ndogo.

Hedley aliweka mashine chini, akamwita msimamizi.

Msimamizi alisimamisha kazi, akamtuma Hedley stoo na mashine, soketi na ule waya. Mtunza stoo alikuwa Verna Cardinal, mama mmoja wa Kikrii, kabila la wenyeji wa asili wa huko. Aliutazama ule waya uliokatika.

"Hiki kipande ndicho ulichofungia? Ulikuwa unakimbilia wapi, mwanangu?"

"Nyumbani, mama. Nimekumbuka nyumbani mpaka akili haitulii."

Verna aliuweka waya mezani.

"Mume wangu alifanya kazi hapa miaka mingi. Mpaka leo nikisikia gari, nachungulia dirishani kama ndiye anarudi. Hao wa kwako nao wanachungulia. Basi sogea, uangalie vizuri."

Akachukua mashine.

"Kwanza, chomoa bomba linaloleta hewa. Mashine ikiwa na hewa, usiiguse huku mbele. Sasa vika soketi, tundu lake litazamane na tundu la mashine. Pitisha pini. Unaona imeingia yote, haijachomoza? Vuta ringi, iache ikae ndani ya huu mfereji unaozunguka soketi."

"Ringi yoyote inafaa?"

"Hapana. Kila soketi ina saizi yake. Ikilegea itaruka, ikibana sana itakatika. Ikunje kila asubuhi. Ukiona ufa, itupe. Na usinifungie waya, wala msumari, wala utepe. Mpira unanesa mashine ikipiga. Waya haunesi, unakatika."

Hedley alifanya mwenyewe mara tatu, Verna akisimama pembeni. Kisha Hedley akarudi kwenye lori na ringi na pini za akiba, akazitundika kwenye mashine. Lorne, aliyekuwa akichechemea, alizikagua moja moja kabla ya kukubali kusimama karibu naye.

Jioni Hedley alimweleza Marina yote.

"Usikimbilie kwetu hivyo," Marina alisema. "Sisi tupo. Wewe uje mzima."

Siku sita zilizobaki zilijivuta. Kila asubuhi Hedley alikunja ringi, akaitazama. Mbili alizitupa. Hakuna soketi iliyochomoka tena.

Alipofika nyumbani, Tilly alimtazama, akaangua kilio, akaficha uso shingoni mwa mama yake.

"Amekusahau kidogo," Marina alisema kwa upole. "Mpe muda."

Hedley alivua viatu, akakaa sakafuni. Hakumwita wala hakunyoosha mikono. Alikaa tu, chai aliyoandaliwa ikapoa. Baada ya muda mrefu mtoto alitambaa, akasimama kwa kushika goti la baba yake.