Ukucha Ulioingia Nyamani

Okochi na mkewe Loy walilima mpunga katika bonde la Iyolwa. Kila asubuhi Okochi alivaa gambuti zake na kuingia topeni. Loy alimfuata baada ya binti yao, Jovia, kwenda shule.

Gambuti zile zilimbana. Alipozinunua sokoni Nagongera, saizi yake ilikuwa imekwisha, akachukua ndogo. Baadaye kidole gumba cha mguu wa kulia kikaanza kumuuma. Pembe ya ukucha ilikuwa imeingia kwenye nyama.

Loy alichukua wembe akaichimbua. Okochi alipata nafuu kidogo, kisha kidole kikavimba na kutoa usaha. Loy akatwanga majani, akakifunga kwa kitambaa.

Jirani yao Akiror alikuwa muuguzi. Alimwona Okochi akichechemea kanisani, akamwomba afike kituo cha afya mapema.

"Sista, mtu mzima niende hospitali kwa sababu ya ukucha?" Okochi alisema. "Wacha nivune kwanza."

Loy alitaka kumshauri aende. Lakini ndege walikuwa wanamaliza mpunga, naye akanyamaza.

Mavuno yalipokaribia kuisha, maumivu yalipungua. Walifurahi, wakidhani kidole kinapona. Kumbe kilikuwa kinaoza. Kikawa cheusi, kikanuka, na homa ikamlaza Okochi kitandani. Akiror alitafuta gari, wakamkimbiza hospitali mjini Tororo.

Huko walimpima damu, wakamkuta na kisukari. Hakuwahi kujua. Uozo ulikuwa umeshapanda. Ili kuokoa maisha yake, madaktari walimkata mguu chini ya goti.

Loy alimuuliza Akiror kwa nini kidole kiliacha kuuma.

"Sukari ikizidi mwilini kwa muda mrefu, inaua hisia za miguu," Akiror alieleza. "Damu nayo haifiki vizuri. Kidonda kinaoza na mtu hasikii."

"Na ule wembe wangu?"

Akiror hakumficha. Alisema wembe uliwafungulia vijidudu njia, ingawa Loy alikuwa na nia njema. Kisha akamfundisha. Ukucha ukatwe umenyooka, pembe zisichimbuliwe. Viatu visibane. Miguu ikitoka topeni ioshwe na kukaushwa. Ukucha ukiingia nyamani, ukaleta wekundu, uvimbe au usaha, mtu aende kituo cha afya bila kungoja. Na mwenye kisukari akague miguu yake kila siku.

Okochi alirudi nyumbani kwa magongo. Sasa anameza dawa, na Loy humkagua mguu uliobaki. Msimu wa kupanda ulipofika, aliketi ukingoni mwa shamba, akawatazama wengine wakiinama majini.

Muhula uliofuata, Jovia alirudi kutoka shuleni akivuta mguu. Viatu vilikuwa vimembana, na ukucha umeanza kuzama. Loy aliacha jembe pale pale, akampeleka kwa Akiror kituoni. Jovia alichomwa sindano ya ganzi, kipande cha ukucha kikaondolewa, kidole kikasafishwa na kufungwa. Haikuchukua muda mrefu, wakatoka.

Njiani Loy alianza kulia. Jovia alimshika mkono.

"Mama, usilie. Haikuuma sana."

"Najua, mwanangu," Loy alisema. "Ndiyo maana nalia. Kidole cha baba yako nacho kingetibiwa hivi, kama tungewahi."