Nyumba Inauzwa na Aliyemo

Kila mtu ana mchezo wake wa kupotezea muda. Wengine bao, wengine keram, wengine kuwasema majirani. Mwanawema na mumewe Suhail, wa Wawi kisiwani Pemba, mchezo wao ulikuwa kutazama nyumba za watu zinazouzwa mtandaoni. Si kwamba walikuwa na uwezo wa kununua hata mlango. Walipanga vyumba viwili vya bati, na mvua ikinyesha walihamisha kitanda. Lakini baada ya alasiri, kahawa ikishamiminwa, Suhail alifungua simu na kicheko kikaanza.

Walikwishaona nyumba yenye vyoo vingi kuliko vyumba, na jiko hakuna. Waliona nyingine imejengwa mfano wa kiatu, na mwenyewe anataka bei ya kununulia mtaa. Waliona yenye birika la kuogea katikati ya sebule.

"Mgeni akija?" Mwanawema aliuliza.

"Twamkaribisha aoge," Suhail alijibu, kisha akakunja uso wa kitajiri. "Hino twaichukua, bi Wema. Sema nao."

Mwanawema alicheka mpaka kahawa ikampalia. Chumba kimoja tu hawakukitania. Kilipotokea chumba chenye kitanda kidogo cha mtoto, Suhail alikipitisha haraka kwa kidole, wala hawakutazamana. Ndoa yao ilikuwa na umri wa kutosha, na hakuna daktari wala shehe ambaye hawakumwendea.

Msimu wa karafuu ulipofika, tawi likakatika na Suhail akiwa juu yake. Asubuhi aliondoka anatafuna mkate, adhuhuri wakamrudisha amebebwa.

Mwanawema akaingia eda. Hajipambi, hatoki, hana wa kuzungumza naye ila mdogo wake Ruweida, aliyekuja kumpikia, na mkwewe Bi Mwanaasha, mama yake Suhail, aliyekuwa mkunga maisha yake yote. Bi Mwanaasha ndiye aliyemweleza maana ya kukaa vile. Mjane humheshimu aliyekwenda, na hungojwa ajulikane kama ameachiwa kitu tumboni.

Mwezi wa tatu ulikuwa unakwisha. Asubuhi moja mkwewe alimwona anasukuma sahani ya samaki.

"Siku zako umeziona?"

"Sijaziona, mama. Majonzi tu."

"Majonzi hayamfanyi mtu achukie harufu ya samaki." Bi Mwanaasha alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtoka. "Namwendea nesi wangu kule Madungu, aje akupime. Weye kaa kitako, usinyanyue kitu. Huenda mwanangu hakutuacha mikono mitupu."

Mwanawema hakutaka kuamini. Tumaini lile lilikwishamuumiza mara nyingi, na safari hii hapakuwa na mume wa kulia naye. Mkwewe alipotoka, alikamata simu ili asifikiri.

Jua lilikuwa utosini. Ruweida alikuwa uani anafua, na sauti ya maji ilisikika mpaka ndani. Mwanawema akawa anapitisha nyumba moja baada ya nyingine, na kila iliyokuwa ya kuchekesha ilimliza, maana hapakuwa na wa kusema twaichukua.

Ndipo ikatokea nyumba ya Pemba. Kuta za mawe. Ngazi inayopanda na kuishia kwenye dari tupu. Madirisha yote yametazama ukuta. Bei yake ungenunulia Chake Chake nzima pamoja na watu wake, na chini watu walikuwa wanadhihaki. Mmoja aliuliza kama kwa bei hiyo na bahari imo. Mwingine alitaka kujua popo wanauzwa mbali au pamoja. Mwanawema akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, akaona haya peke yake.

Akafungua picha ya pili. Chumba cha kulala. Mwanamme amesimama, kageuza mgongo, anafunga chandarua.

Bega la kushoto lilikuwa chini kidogo ya la kulia. Shati lilikuwa limechanika kwapani, likashonwa kwa uzi wa kijani. Uzi ule aliutia Mwanawema mwenyewe, kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha. Na shati lile lilichomwa moto siku ya maziko, maana damu yake haikutoka.

Aliandika, "Assalam alaikum. Nyumba bado ipo?"

Jawabu lilikuja kabla hajaiweka simu chini. "Ipo. Yakungoja weye."

Salamu haikujibiwa.

Mtu mwenye akili zake angeiacha pale pale. Lakini akili gani, na mume wako umemwona anafunga chandarua? Akauliza aliyemo ni nani.

"Ni wa humo."

Alirudi kwenye picha. Mwanamme alikuwa amegeuka kidogo. Sikio lilionekana sasa.

"Bei yenu sina," aliandika. "Mie mjane."

"Ile bei ni ya kuwafukuza wengine. Kwako tutachukua kitu kidogo, ulichonacho hapo ulipokaa. Hata uzito wake huusikii."

Mwanawema alitazama chumba. Mkeka. Msahafu. Birika la kutilia udhu. Kanga mbili juu ya kamba. Dhahabu yake ilikwisha zamani, kwa hao hao madaktari. Alijiona maskini kuliko wote, na maskini hana cha kuibiwa.

"Nikitoa, ntamwona?"

"Tazama."

Akatazama. Shavu lilionekana. Shavu lile lile, na kovu dogo la wembe. Machozi yalidondoka juu ya kioo, akayafuta kwa kiganja asije akampoteza.

"Kichukueni," aliandika.

"Hivyo siyo. Sema umetoa."

Hapo alisita. Hata karafuu haiuzwi bila maneno mawili, la mwenye kutoa na la mwenye kupokea. Maneno yale yakishatoka hayarudi. Uani maji yalinyamaza. Ruweida alikuwa anaanika.

Mwanawema akaandika, "Nimetoa."

"Tumepokea."

Alikimbilia picha. Suhail alikuwa amegeuka mzima.

Hakuwa anatabasamu. Kinywa kilikuwa wazi, kama mtu anayepiga ukelele. Mkono wake mmoja ulikuwa mbele, kiganja wazi, vidole vimetanuka. Alikuwa anamkataza. Tangu mwanzo alikuwa anajitahidi kugeuka ili amkataze.

Ndipo mkwewe alipomjia akilini. Kaa kitako. Usinyanyue kitu.

"Narudisha," aliandika. "Narudisha. Sikutoa. Narudisha."

Hakuna aliyejibu. Maumivu yakaanza chini ya kitovu.

Bi Mwanaasha alirudi na nesi wake, na Ruweida anasema aliwasikia wakicheka tangu njiani. Kicheko kiliishia mlangoni. Mama yule mzee alipiga magoti, akafanya kazi aliyoifanya maisha yake yote, akamaliza, akakaa pale pale sakafuni.

"Kishafanya umbo," alisema polepole. "Vidole vyote vimo."

Kisha akasema lile ambalo sheria ilimlazimu kulisema, maana eda ya mwenye mimba huisha mimba inapotoka, na hakuna aliyewahi kulisema kwa uchungu zaidi.

"Eda yako imekwisha, mwanangu. Weye huru sasa."

Mwanawema aliugeukia ukuta.

Bi Mwanaasha alichana kipande cha kikoi cha Suhail, cha buluu chenye ukingo mwekundu, akakianzia kwa meno kwa kuwa mkasi haukuonekana. Akamfunga mjukuu wake humo. Wakamzika kwenye pembe ya uani, na Ruweida alishindilia udongo kwa mikono yake. Hilo Ruweida yuko tayari kuliapia.

Waliporudi ndani, Mwanawema aliwahadithia yote. Bi Mwanaasha akaanza kusoma Ayatul Kursiyu. Ruweida, ambaye si mwepesi wa kuamini mambo haya, aliichukua simu apate kumwonyesha dada yake kwamba hapana kitu.

Juu ya tangazo palikuwa pameandikwa IMEUZWA. Picha zote zilikuwa zimeondolewa isipokuwa moja, na hiyo haikuwapo mwanzo. Ilikuwa picha ya chumba kidogo. Kutoka boritini ilining'inia pembea ya kumlazia mtoto, imefungwa kwa kitambaa cha buluu chenye ukingo mwekundu, upande mmoja umechanika kwa meno. Katikati kilikuwa kimebonyea, kwa uzito. Udongo mbichi ulikuwa umedondoka sakafuni chini yake. Mkono wa mwanamme ulikuwa umeshika kamba.

Ruweida aliitupa simu juu ya mkeka.

Asubuhi ya pili tangazo halikuonekana tena. Kilichobaki ni ujumbe wa sauti, mfupi, kutoka kwa yule yule muuzaji. Hauna maneno. Ni mlio wa kamba juu ya boriti, unakwenda na kurudi, polepole, na pumzi ya mtu mzima anayebembeleza. Watu wa Wawi waliousikia hawataki kuusikia mara ya pili. Mwanawema huusikiliza kila mchana, amelalia ubavu, simu ameiweka sikioni. Bi Mwanaasha hukaa kando yake, na siku nyingine naye huinamisha kichwa asikie.

Siku moja Ruweida aliichukua simu taratibu, akawa anatafuta pa kuufuta. Mwanawema akamshika mkono.

"Mwache," alimnong'oneza. "Ndo kwanza kalala."