Nilisema Mzee Hakujaza

Nina miaka ishirini na tisa, nimepanga chumba kimoja Butimba, na kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Wasomaji wenzangu, msinionee huruma. Mkimaliza kunisoma mtajua kwa nini siistahili.

Mwaka juzi viongozi wa mwalo wa kwetu, yaani ufukwe wa ziwa wanapotua wavuvi, mbele kidogo ya Kigongo, waliniomba niwatengenezee mfumo wa kuandikisha mitumbwi ya dagaa. Mimi nimezaliwa pale, na kaka yangu Magesa alikuwa mvuvi pale pale. Nilikubali kwa majivuno... we acha tu!

Mfumo wenyewe ulikuwa mdogo. Karani wa mwalo, Mzee Mafuru, anaandikisha mtumbwi unapotoka jioni. Ukirudi, anajaza kwenye simu: amerudi, ndiyo. Saa tatu asubuhi programu yangu, niliyoiandika kwa JavaScript na kuiweka kwenye seva, inaiuliza kanzidata, yaani hazina ya kumbukumbu zake, nani hajarudi, halafu inawatumia viongozi ujumbe. Likiwepo jina, boti ya injini inakwenda kutafuta.

Siku ya kumfundisha, Mzee Mafuru alisita. Akaniambia, "Mwanangu, mtu akiwa bado majini sisi hatumwandiki kwamba hajarudi. Ni kumchulia kifo. Hata kwenye daftari huwa naacha wazi."

Nikacheka. Nikamjibu, "Acha wazi tu, mzee, mashine itaelewa."

Haikuelewa. Kanzidata ile inaweka kila mtumbwi kama karatasi yake, na karatasi si lazima zifanane. Moja inaweza kukosa kabisa mstari ambao nyingine inao. Mimi niliiuliza hivi: nipe zilizoandikwa "hapana". Sasa karatasi ambayo mzee ameiacha wazi imeandikwa hapana? Haikuandikwa kitu! Kwa hiyo haiji. Nilipojaribu chumbani kwangu nilijaza mwenyewe hizo ndiyo na hapana, ikajibu vizuri, nikaridhika.

Miezi minne kila asubuhi ujumbe ulisema mitumbwi yote imerudi. Na kweli ilikuwa inarudi. Watu wakaacha kuhesabu kwa macho.

Asubuhi ile ujumbe ulisema vile vile. Mzee Mafuru aliona mtumbwi wa Magesa haujafika, ila akadhani mashine imepata habari kwamba ametua mwalo mwingine. Viongozi wakaenda zao nyumbani.

Mtumbwi ulikuwa umepinduka. Mwenzake, aliyeokolewa jioni na wavuvi wa ng'ambo, alitusimulia kwamba Magesa alishikilia dumu, na mpaka saa saba mchana alikuwa bado anaongea. Alikuwa anamwambia, "Watakuja tu. Mdogo wangu ameweka mtambo pale."

Sikulia. Mpaka leo sijalia.

Nilifungua kompyuta msibani, wanawake wakipika uani, nikaliona kosa ndani ya dakika tano. Nikabadilisha swali: nipe wote ambao hawakuandikwa ndiyo. Mtumbwi wa Magesa ukatokea, peke yake. Nikafunga kompyuta, nikaenda kusaidia kuosha vyombo.

Viongozi waliponiuliza imekuwaje, nilisema, "Mzee hakujaza." Maneno mawili, na yote ya kweli! Nani angebisha? Wakamvua ukarani siku hiyo hiyo. Alikuja kwetu kuomba msamaha, kofia mkononi, mama akamfungia mlango. Mimi nilikuwa ndani nakunywa uji. Niliumaliza.

Mwaka mzima nikakaa kimya. Mwezi uliopita nikasikia kwamba mzee amehamia kwa binti yake Usagara, hali, halali, anajisemea peke yake. Ndipo nikamfuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote, sikubakiza. Alisikiliza, kisha akauliza jambo moja tu. "Na kama siku ile ningeandika hapana, mashine ingemwona?"

Ningeweza kudanganya. Kwani ungekuwa uongo wangu wa kwanza? Lakini nikasema, "Ingemwona."

"Basi ni mimi," akasema.

Nikamwambia hapana mzee, uliniambia mapema, mimi ndiye niliyekujibu uache wazi! Nikapiga magoti. Hakunisikia tena. Aliniuliza kama nimekula, akamwita binti yake aniletee chai.

Mama nimemwambia. Viongozi nimewaambia, nao wamemtumia mtu kumrudisha kazini. Amekataa. Mama anampigia simu kumwomba radhi, hapokei.

Ndugu zangu, ukiandikia watu mfumo, waulize kwanza wao wanaandikaje, na wakikujibu usicheke. Lakini hilo ni dogo. Nawaomba, ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajalichukua kosa lako. Mimi nilikwenda Usagara kumtua mzee mzigo wangu... nikarudi nimemwachia.